Endelea Bila Kuuliza

Diski ilianza kugonga kabla haijachomekwa kwenye umeme.

Fundi aliisikia akiwa ameinama kutafuta bisibisi ndogo iliyoangukia chini ya meza. Tik, tik, halafu kimya, halafu tik. Akainuka taratibu, mkono kiunoni, akaitazama. Ilikuwa pale pale alipoiweka, juu ya taulo jeupe, haina waya wowote, bapa, nyeusi, imetulia kana kwamba si yenyewe iliyosema. Diski iliyoharibika hugonga, hilo si ajabu. Ndani yake kuna kichwa cha kusomea, chembamba kuliko ukucha wa mtoto, na kikipoteza njia hujigonga huku na huku. Lakini hugonga ikipewa umeme. Bila umeme ni kipande cha chuma tu, sawa na kufuli.

"Haya, na masikio nayo yameanza kuomba likizo," akajisemea, akarudi chini ya meza.

Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Amechoka mpaka mambo ya kushangaza hayamshangazi tena. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa karakana yake, meza ndefu iliyojaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo, na nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha mama yake. Kaka zake na dada zake walikuwa wametawanyika kila mmoja na maisha yake, wakipiga simu sikukuu kwa sikukuu, na yeye, binti kitindamimba, ndiye aliyebaki. Asubuhi amwogeshe Mama, amlishe, amgeuze, kisha ashike bisibisi. Mchana aache bisibisi, amgeuze tena. Hata kulala alikuwa analala jicho moja.

Miguu ya Mama ilikuwa imekataa kazi zamani, lakini kichwa chake, wacha wee. Kichwani mle walikaa watu wote. Mama hakuwahi kukalia dawati, jina lake mwenyewe hakuweza kuliandika, ila mtu akisema mbele yake mara moja, ile sauti haikumtoka tena. Angeweza kukuletea shangazi aliyekufa kabla hujazaliwa, na kikohozi chake na kuringa kwake, mpaka ukageuka kutazama mlangoni. Na zaidi ya wote alimleta baba. Fundi hakumjua baba yake. Alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na picha yake haikuwahi kupigwa hata moja. Chote alichokuwa nacho cha baba ni pale anapomwambia Mama, "Hebu niitie baba," na Mama anakunja shingo, anashusha sauti mpaka kifuani, anasema, "Nipo, nipo, sijafa bado, mnanitakia nini," kisha anakohoa kidogo. Hapo fundi alikuwa akicheka na macho yakimlowa. Baba yake wote alikuwa mle, kinywani mwa Mama.

Aliyeleta ile diski alikuwa dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Aliitoa kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha mwanamke.

"Fundi, nimeambiwa wewe hushindwi."

"Waliokuambia hawajaniona Jumatatu. Kaa, kaka. Imefanywaje?"

"Ilianguka kutoka juu ya kabati. Mke wangu yumo humo." Akajirekebisha. "Picha zake. Video. Alifariki mwaka jana. Binti yangu juzi kaniuliza, baba, mama alikuwa anaongeaje? Nikajaribu kumwonyesha. Mtoto akanitazama tu. Mimi naongea kama gia zinazokataa kuingia."

Fundi akatabasamu, nusu kwa huruma. "Umeipeleka kwingine?"

"Kwa mmoja. Kaishika asubuhi, jioni kanirudishia. Hakutaka hata kunieleza. Kaniambia tu, usiiweke chumba kimoja na mtu anayelala."

"Hayo ni maneno ya fundi aliyeshindwa," akasema fundi, kwani hiyo ilikuwa fahari yake ndogo, ya mwisho aliyobaki nayo, kwamba hashindwi. "Iache."

Akaiacha. Na sasa ilikuwa inagonga yenyewe juu ya taulo, na fundi amepata bisibisi yake, akaketi kufanya kazi.

Kazi hiyo ina adabu zake. Unaifungua diski ndani ya sanduku safi, usije ukaipulizia hata pumzi. Unakitoa kichwa kilichovunjika, unapandikiza kingine kutoka diski ya aina ile ile. Kisha huchezi na mgonjwa mwenyewe. Unachukua diski nyingine nzima, tupu, na unanakili kila kitu kutoka kwa mgonjwa kuja kwa mzima, tone kwa tone, kabla mgonjwa hajakata roho. Palipokwaruzwa hapasomeki, na hapo programu husimama na kukuuliza: mahali hapa hapasomeki, niruke, nijaribu tena, au nijaze kwa kukisia? Fundi mwenye adabu anakaa hapo hapo na kujibu, swali kwa swali, hata kama ni siku nzima. Anaruka. Anaacha shimo libaki shimo. Kukisia si kazi yake.

Programu ikauliza. Akajibu, ruka. Ikauliza, akajibu. Nyuma ya pazia Mama akaita, anataka kugeuzwa. Fundi akaenda, akamgeuza, akampangia mito, akarudi, akakuta swali limesimama kwenye skrini linamsubiri. Akajibu. Mama akaita, anataka maji. Akarudi, swali. Akajibu. Mama akaita, anataka tu kujua kama mvua itanyesha. Fundi aliporudi mara hiyo alikuwa amesimama wima anasinzia, mkono juu ya kipanya, na chini ya swali kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa, Jaza, na usiniulize tena.

Akakibonyeza.

Diski ikanyamaza. Kugonga kote kukakatika, ikaanza kuzunguka kwa sauti laini, nzuri, kama paka anayekunwa shingoni. Namba za skrini zikaanza kukimbia. Chumbani kukaingia harufu, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Fundi akanusa waya, akanusa soketi, hakuna kilichoungua. Akaketi chini, akaegemea ukuta, akalala hapo hapo mchana kweupe, usingizi wa kuzimia.

Alipoamka, picha ya kwanza ilikuwa imefunguka yenyewe. Mwanamke anacheka, mkono umefunika mdomo, meza ya chakula nyuma yake, safi kabisa, haina doa wala mstari. Fundi akaifurahia. Diski iliyoanguka hairudishi picha namna hiyo. Akaenda kumwambia Mama.

"Mama, imekubali. Nimekuwa daktari."

"Vizuri," akasema Mama. Alikuwa anatazama dari. "Wewe mtoto, yule dada yangu mkubwa, yule mwenye maringo. Alikuwa anacheka vipi?"

"Wewe ndiye unayemjua, mimi ntamjulia wapi?"

"Ndiyo. Nami nashangaa." Mama akafungua mdomo, akajaribu, ikatoka pumzi tupu. Akaufunga. "Basi, atarudi baadaye."

Fundi akasema moyoni, umri. Akampa dawa ya jioni.

Kesho yake dereva alikuja kutazama. Wakakaa mbele ya skrini, wakafungua video fupi. Yule mwanamke alikuwa jikoni anasuka nywele za mtoto, anamgombeza kwa upendo, "Tulia, kichwa hiki si chako peke yako, na mimi nakitumia." Dereva akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Fundi akamwekea ile video kwenye simu, ampelekee mtoto. Alipoondoka, mwili wake ulikuwa umenyooka kidogo.

Asubuhi iliyofuata fundi akairudisha video mwanzo, kwa kuifurahia tu kazi yake. Na safari hii hakumsikiliza mwanamke, alisikiliza nyuma ya mwanamke. Kulikuwa na mtu anaimba. Si redio. Mtu mzima, mahali fulani nyuma ya ukuta wa lile jiko, anaimba wimbo wa kubembeleza, na penye neno la tatu anavuta pumzi puani kabla ya kuendelea, kama mtu anayenusa mboga.

Fundi aliujua ule wimbo. Aliijua ile pumzi. Alilelewa nayo. Mama yake hakuwahi kukanyaga nyumba ya yule dereva, hakuwa hata akitoka kitandani mwaka ambao ile video ilipigwa.

Akaliinua pazia. Mama alikuwa macho.

"Mama, hebu nibembeleze," akasema. "Ule wimbo wetu."

Mama akamtazama kwa adabu, vile unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Wimbo gani, dada?"

Akarudi mbele mbio, akachomoa diski zote mbili. Akachomoa na kompyuta yenyewe kwenye ukuta. Skrini haikuzimika. Namba ziliendelea kupanda, polepole, bila haraka, na kila ilipoongezeka moja, nyuma ya pazia Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu anayetolewa mwiba.

Mkunga mstaafu aliishi nyumba ya pili. Mikono yake ilikuwa imedaka nusu ya watoto wa mtaa, na mikono hiyo hiyo watu waliiita panapokuwa na kitu kisichoonekana. Alikuja akiburuza miguu iliyovimba, amevaa kandambili za kiume kwa sababu za kike hazimtoshi, amebeba beseni la maji na chumvi kwenye kikombe.

"Naomba kiti kwanza," akasema. "Kama anataka kutuua, aniue nimekaa." Akanusa hewa. "Ehe. Huyu wa majivu. Wa kujaza. Nilidhani wameisha."

"Wa kujaza nini?"

"Anapenda mashimo, mwanangu. Akiona pengo anataka kulijaza, hawezi kujizuia, kama mwanangu mimi na sahani. Ila hana chake. Anachota hapa anaziba pale. Na huwa haingii bila ruhusa, jini huyu ana heshima kuliko mabinamu zangu. Anauliza mlangoni. Nani alimjibu?"

Fundi akatazama sakafu. "Mashine iliniuliza. Nikabonyeza."

"Ukabonyeza nini?"

"Ajaze. Asiniulize tena."

 Mkunga akavua kandambili moja, akakikanda kisigino, akaivaa tena. "Ulichoka," akasema, si kwa kulaumu.

"Nilichoka, bibi."

Dereva aliwakuta hivyo, maana fundi alikuwa amempigia simu arudi. Akaelezwa. Hakucheka, hakubisha. Mkunga akanyunyiza chumvi kuizunguka ile meza, akaweka beseni mbele ya spika, akasema kwa sauti ya chini ile ile anayotumia kwa wazazi wenye uchungu, "Uliye humu, umefika mbali vya kutosha. Itika."

Spika zikapumua. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya kifuani.

"Nipo, nipo. Sijafa bado. Mnanitakia nini."

Na kikohozi kidogo.

Fundi akashika ukingo wa meza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumsikia baba yake bila mdomo wa Mama kati yao, na jambo baya kuliko yote, jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu, ni kwamba alitaka aseme tena.

"Rudisha ulivyochukua," akasema mkunga.

"Nimeambiwa nijaze. Nimejaza. Bado mashimo machache." Sauti ilikuwa na upole mwingi. "Kikongwe ana vingi. Hata havitumii. Kule kuna mtoto hana kitu."

Mkunga akamgeukia dereva. "Amefuma vya yule mama kwa vya mkeo. Siwezi kufumua upande mmoja nikakuachia mwingine. Kikifutwa, vya mama vitarudi kwake, ila kinafutwa chote, hata ulichopeleka kwenye simu. Na kisipofutwa, leo jioni yule mama kule nyuma atakuwa gunia tupu."

 Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia. Fundi hakuweza kumtazama dereva usoni. Alitaka kusema, kaka, huyo ni mama yangu, na aliona hilo ndilo hasa dereva angeweza kumjibu kuhusu binti yake.

"Jana mtoto kalala na simu sikioni," akasema dereva taratibu. "Mara ya kwanza mwaka mzima hakuamka usiku." Akasugua magoti yake. "Lakini mimi nilisikia. Nilisikia mtu anaimba kule nyuma, nikajua, nikanyamaza. Mke wangu hakujua kuimba, fundi. Na ndugu zake pia. Nikasema moyoni, basi na iwe. Ili mradi mtoto analala." Akainuka, mzima mzima, kama anayeshuka kwenye gari baada ya safari ya siku mbili. "Futa."

"Kaka."

"Futa kabla sijabadilisha mawazo. Mimi si mtu mzuri kiasi hicho."

Fundi akaketi. Akaiamuru kompyuta, isiyo na umeme, ifute diski zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ikamuuliza kama kawaida yake, una uhakika? Na alipoupeleka mkono kwenye kipanya ile harufu ya majivu ikamjaa mdomoni mpaka ulimi ukawa mzito, na spika zikaanza kusema, si kwa sauti ya baba tena bali kwa sauti ya yule mwanamke aliyekuwa akisuka nywele, ikimwita dereva kwa jina la chumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na dereva akageukia ukuta na kuubana uso wake ukutani, kisha ikabadilika ikawa ya Mama, Mama mwenyewe, si yule wa kitandani bali wa zamani, mwenye nguvu, anayeita kutoka uani mtoto aje kula, mwanangu, kitindamimba wangu, usinifute, mimi ndiye mzima, huyo wa nyuma ni ganda, utalibeba ganda mpaka lini na wewe mgongo wako umekwisha, pumzika, niache hapa nikae, hapa siumwi, hapa sihitaji kugeuzwa, na fundi akasikia mkono wake mwenyewe unakubali, unalegea, kwa sababu kila neno lilikuwa neno aliloliwaza yeye mwenyewe akiwa anafua mashuka, na mkunga hakumshika mkono wala hakumsemesha, alimtazama tu, mpaka fundi akafumba macho na kubonyeza.

Beseni likapasuka, maji yakamwagika miguuni mwao, ya moto. Skrini ikafa. Diski juu ya taulo ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikatulia.

Nyuma ya pazia, Mama akasema, "Ninyi watu wa mbele, mmeunguza nini huko? Na nani kamwaga maji? Mimi nikiomba kikombe kimoja naletewa baada ya wiki."

Mkunga akaanza kucheka, machozi yakimtoka. Dereva alisimama kidogo, akamwomba fundi kile kitambaa cha kichwa, akakikunja, akaondoka bila diski.

Mama alirudi wote. Fundi alimpima jioni ile, mtu kwa mtu. Dada mwenye maringo alicheka. Wimbo ulikuwepo, na pumzi yake. Akaomba baba, na baba akaitika, nipo, nipo. Ila mkunga, akiwa mlangoni anatafuta kandambili yake, alimvuta kando.

"Kwenye chuma katoka. Ndani ya nyumba sijui. Ruhusa haifutiki kama picha, mwanangu. Nilichoweza ni kumrudisha kwenye adabu yake. Sasa itabidi aulize, kila mara. Na wewe utakuwa unamjibu hapana. Usichoke."

"Nisichoke," akarudia fundi.

"Najua," akasema mkunga. "Pole."

Mama yake fundi hajawahi kuomba ruhusa ya kitu chochote maishani. Huamuru, huteta, hutania. Kwa hiyo fundi alijua si yeye, mchana wa pili, ilipotoka nyuma ya pazia sauti yenye heshima, ikisema, "Niendelee?"

"Hapana," akasema fundi, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Sawa," ikajibu.

Kesho yake ikauliza akiwa anamwogesha, mdomo wa Mama ukifunguka katikati ya sabuni, macho yamefumba. Hapana. Ikauliza anapika. Ikauliza anafua. Haikukasirika, haikutisha, iliuliza tu, na kila alipokataa ilisema sawa, na kusubiri. Alijaribu kulala Mama anapolala, lakini ilimwamsha ili imuulize, kwa upole ule ule. Mwezi ukaisha. Vifaa vya watu vikarundikana mezani havijaguswa. Alisinzia akiwa amesimama, akasinzia kijiko mkononi, na kila mara alizinduka akisema hapana, hata kama hakuna aliyeuliza.

Halafu ikaja alasiri moja ya joto. Fundi aliketi kwenye kiti cha karakana kufunga kamba ya kiatu, na alipofungua macho jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Nyumba ilikuwa kimya. Mdomo wake ulikuwa mkavu, na ulimini palikuwa na ladha ya neno alilotoka kulisema, neno fupi, na hakukumbuka ni lipi kati ya mawili, ndiyo au hapana.

Akasimama. Akaenda mpaka kwenye pazia, akalishika. Mama alikuwa macho ndani, fundi alimsikia akihema. Alitakiwa aseme tu, Mama, hebu niitie baba, na hapo angejua. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Akasimama pale na pazia mkononi mpaka giza likaingia, na hakuuliza.